Kusafisha LEGO kabla ya kupiga picha

Ukitaka kupiga picha gari au nyumba uliyoijenga kwa LEGO, ondoa vumbi kwanza. Kamera huliona hata pale jicho linapolipita. Brashi laini ya kupakia poda yatosha. Uchafu ukiwa umeganda, bomoa, uvioshe vipande kwa mkono, sabuni kidogo na maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40. Plastiki yake, ABS, hupinda kwa joto kali, na kipande kilichopinda hakishiki tena. Tafadhali usivianike juani! Jua hugeuza vyeupe kuwa vya manjano. Vitandaze kivulini juu ya taulo, matundu yakitazama chini ili maji yatoke. Vyenye stika au mota visiguse maji kabisa. Hivyo mimi hufuta kwa kitambaa kikavu.