SOMO: Windows na Linux ndani ya laptopu moja (soma lote kabla hujauliza)

Jamani nshachoka kujibu hili swali inboksi kila siku, naliandika mara moja hapa, atakayeniuliza tena namtuma huku. Ni ya laptopu za UEFI (mfumo wa kuwashia mashine), yaani karibu zote za miaka kumi hii.

1. Hamisha mafaili yako kwa diski ya nje. Yote.

2. BitLocker (kufuli ya Windows ya kufunga diski) ikiwa imewashwa izime, usubiri imalize. Ukiiacha, siku utakayogusa Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka) yaweza kukuomba ufunguo wa namba 48 na hujui uliuweka wapi.

3. Zima Fast Startup. Ikiwashwa, Windows haizimiki kikweli, yalala tu.

4. Ndani ya Windows, ingia Disk Management upunguze C. Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, yataka kama GB 25, mimi huacha 60. Nafasi hiyo iache tupu.

5. Tia ISO (faili la Linux ulilopakua) kwa flashi ya GB 8 au zaidi kwa programu ya Rufus. Flashi itafutwa.

6. Restati, F12 au F9 au Esc, yategemea laptopu, chagua flashi.

7. Hapa ndo tulia. Chagua kuiweka kando ya Windows, ile "Erase disk" usiiguse, yafuta diski nzima. Na wanaogawa diski kwa mkono nisikizeni: mtaona kipatisheni kidogo cha FAT32, mara nyingi MB 100 au 260, hicho ndicho EFI. Mwaka 2021 nlikuwa naweka Mint (Linux nyingine) kwa laptopu ya dada yangu, tuko nyumbani Majengo, nikakiona nikadhani ni masalio tu, nikatia tiki ya formati. Mint ikawaka vizuri. Windows haikurudi. Na dada alikuwa na ripoti ya chuo ya kupeleka asubuhi yake, akakaa kando yangu kimya na kikombe cha chai mkononi mpaka chai ikapoa. Mafaili yalikuwepo, kilichofutika ni kile cha kuwashia Windows, lakini hilo sikulijua hadi saa nane usiku nlipopata flashi ya Windows nikaingia kwa ile skrini nyeusi nikaandika bcdboot, amri ya kukirudisha. Kwa hivyo EFI itumie, iwe /boot/efi, na USIIFORMATI. Tena chaja iwe imechomekwa na betri imejaa, stima zetu mwazijua.

8. Restati, menyu ya GRUB (ya kuchagua mfumo wa kuwasha) itakuuliza wataka ipi.

MASWALI

Kijana wa Likoni: bro mafaili yangu yatafutika?
— Hatua ya 1.

Kijana wa Likoni: lakini sina diski ya nje
— Basi usianze leo.

Mzee Kijiweni: Nimefuata somo lako na Windows imepotea, ungetuonya.
— Ulichagua lipi hatua ya 7?
Mzee Kijiweni: Ile ya kufuta diski, ndo ilikuwa ya kwanza.
— Nimeonya mzee wangu, rudi usome. Pole lakini. Usiandike kitu kingine kwa hiyo diski, itoe, mpelekee fundi wa kurudisha data.

Bi Ufunguo: Ahsante kwa somo. Mbona kila nikitoka Linux saa ya Windows yaharibika? Jana maghribi yaadhiniwa yenyewe yaonyesha saa tisa na nusu.
— Swali zuri sana dadangu. Mashine ina saa yake ya ndani, Linux huiandika kwa UTC, saa ya kimataifa, nayo iko nyuma yetu masaa matatu, halafu Windows huisoma kama ndo saa ya hapa. Fungua teminali kwa Linux: timedatectl set-local-rtc 1. Kisha sawazisha saa kwa Windows mara moja.
Bi Ufunguo: Imekubali! Na mafaili naweza kuyafungua pande zote mbili?
— Ndio, tengeneza D (kipatisheni kingine) ya NTFS, weka hapo. Linux ikikataa kuandika, Fast Startup imejiwasha tena, huwa yarudi baada ya apdeti kubwa.

Fundi Kongowea: mwenye RAM ya GB 4 je
— Mint ya Xfce. Ila kama bado una diski ya zamani ya kuzunguka, nunua SSD (isiyozunguka) kwanza, hata Windows yenyewe utaiona imekuwa nyepesi.