Namna ya Kutumia Tiba ya Kisaikolojia Unapoishi na Ugonjwa Sugu

Kabla ya kumwona mwanasaikolojia, mweleze daktari anayekutibu jinsi unavyojisikia, kwa kuwa uchovu, kukosa usingizi na kupoteza hamu ya kula vinaweza kusababishwa na ugonjwa wenyewe, na dawa unazotumia, au na sonona, na ni vyema chanzo kichunguzwe mapema. Kumwona mwanasaikolojia hakumaanishi kwamba maumivu yako ni ya kubuni.

Tiba ya utambuzi na tabia, aina mojawapo ya tiba ya kisaikolojia ambayo Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, alianza kuiunda katika miaka ya 1960, kwa kawaida huchukua vikao 6 hadi 20. Utafundishwa kuchunguza mawazo kama “maumivu ya leo yanaonyesha kuwa ninaharibikiwa”. Hofu ikiwa na msingi wa kweli, kama inavyotokea mara nyingi katika maradhi sugu, mwombe mtaalamu mshughulikie namna ya kuishi nayo badala ya kuipinga.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni kupanga nguvu. Pima dakika unazoweza kufanya kazi fulani kabla dalili hazijazidi, anza chini ya kiwango hicho, kisha pumzika muda ulioupanga ukifika, hata kama unajisikia vizuri (na siku nzuri ndizo ngumu zaidi, maana hushawishi mtu kumaliza kila kiporo). Usiongeze dakika bila kushauriana na wanaokutibu.

Usiache dawa zako, na mawazo ya kujiua yakikujia, tafuta msaada wa dharura mara moja bila kusubiri kikao kijacho.