Kabla mtoto hajawekewa kijiti kwenye jino la mbele

Jino la utotoni likioza mpaka karibu na ufizi, taji, yaani kofia ya kulifunika jino, linakosa pa kushika. Hapo ndipo daktari wa meno hutaja kijiti, kipini kifupi cha kulishikilia taji, kinachosimikwa kwenye mzizi uliokwisha kusafishwa na kujazwa dawa. Wazazi wengi huuliza papo hapo: kijiti cha waya au cha nyuzi za kioo? Swali hilo lisubiri kidogo.

Tangulia na umri. Meno mawili ya kati ya juu hung'oka mtoto akiwa na miaka 6 au 7, na mizizi yake huanza kuyeyuka mapema zaidi ili kulipisha jino la ukubwani. Mtoto wa miaka 3 atalitumia jino hilo. Aliyekaribia 6 pengine hana haja nalo. Omba uonyeshwe mzizi kwenye eksirei. Mimi bila eksirei nisingekubali. Kijiti chenyewe kiishie sehemu ya juu ya mzizi, kama milimita 3 tu, maana mzizi ukiyeyuka kijiti hubaki.

Sasa waya. Hukunjwa kama kiatu cha farasi, ni rahisi na hupatikana upesi, ila haugandi na jino. Unashikiliwa na rezini iliyouzunguka, plastiki ngumu ya kuzibia meno, na weusi wake huweza kuonekana kwa nje. Kijiti cha nyuzi za kioo kina rangi inayokaribia ya jino, hushikana vizuri na rezini na hunepa kidogo jino linapouma kitu. Ningekichagua hicho, kwa sharti moja: pakavu. Mtoto anayelia, mate yanamtiririka na ufizi unavuja damu, kijiti chake huweza kubanduka mapema. Wengine hujenga kijiti kwa rezini peke yake. Nayo hunywea kidogo inapokauka, ikaacha mwanya.

Uliza pia mzizi umejazwa nini. Dawa yenye harufu ya karafuu ina yujenoli, inayozuia rezini kukauka sawasawa, kwa hiyo lazima ifunikwe kwanza kwa tabaka la saruji ya meno.

Na mtoto anayesaga meno usiku, au ambaye meno ya juu yanafunika kabisa ya chini? Mtajie daktari kabla hajashika kifaa. Kwa mtoto wa namna hiyo kijiti cha aina yoyote huvunjika upesi, na kung'oa huenda kukawa ndiyo tiba.