Namna ya kufundisha ugomvi wa Mfalme Charles na Bunge

Mwalimu mwenzangu, ukianza na shoka lililomkata Charles wa Kwanza kichwa mwaka 1649, wanafunzi watakumbuka damu tu. Anza na pesa. Naongoza klabu ya historia katika shule moja ya Eastlands, na kabla sijataja mfalme yeyote huandika ubaoni: nani ana ruhusa ya kututoza kodi? Mtoto wa Nairobi aliyeshuhudia mzozo wa Mswada wa Fedha, Juni 2024, hahitaji kufafanuliwa uzito wa swali hilo.

Ndipo umlete Charles. Alirithi ufalme wa Uingereza 1625, akataka fedha za vita, Bunge likamwekea masharti. Mwaka 1628 likamfanya aridhie Ombi la Haki: pasitozwe kodi bila idhini ya Bunge, wala mtu asifungwe bila kuelezwa kosa lake. Mwaka uliofuata akalivunja, akatawala miaka 11 bila kuliita tena.

Hapa ndipo pa kutulia, kwenye kodi ya meli. Kwa desturi ilidaiwa miji ya pwani wakati wa hatari. Mwaka 1635 Charles akaisambaza hadi bara. Ni kama mkulima wa Kitale adaiwe pesa za manowari za Mombasa, na vita hakuna. John Hampden wa Buckinghamshire akagoma kulipa shilingi 20. Sisitiza kwamba alikuwa tajiri. Shilingi hizo hazikumshinda. Alijua kwamba akilipa leo, kesho mfalme hatakuwa na haja ya Bunge. Majaji walikuwa 12: 7 wakamuunga mkono mfalme, 5 wakasimama na Hampden. Uliza darasa ni nani hasa aliyeshinda, kisha uwaache wabishane. Usiwakatize.

Dini usiiruke, ila usizame humo. Mwaka 1637 Charles aliwalazimishia Waskoti kitabu kipya cha sala, wakaasi, na gharama za kupigana nao zikamrudisha Bungeni 1640 akiwa hana kitu. Bunge la Aprili alilivunja baada ya wiki tatu. Lile la Novemba likapitisha sheria kwamba halitavunjwa bila ridhaa yake lenyewe.

Sasa igizeni tarehe 4 Januari 1642. Panga madawati safu mbili zitazamane, kiti cha Spika mbele. Wabunge watano anaowasaka mfalme, akina Pym na Hampden, watoke mapema. Mfalme aingie, askari wabaki nje, mlango uachwe wazi wabunge wawaone. Aulize wako wapi. Spika William Lenthall apige magoti, ajibu kwamba humo ndani hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema ila kwa agizo la Bunge. Simamisha igizo papo hapo, uulize: mbona anapiga magoti na bado anakataa? Mimi nalipenda swali hili kuliko yote, kwa sababu wanafunzi hugundua wenyewe kwamba Lenthall hakumdharau mfalme; alikataa tu kumpa kilichokuwa cha Bunge.

Yaliyofuata yataje kwa haraka: Charles akaondoka London siku chache baadaye, na Agosti 22 akainua bendera ya vita Nottingham.

Kazi ya nyumbani: wasome Kifungu cha 210 cha Katiba ya Kenya, kinachozuia kodi isiyowekwa kwa sheria, waandike jinsi wakili wa Hampden angekitumia mbele ya wale majaji 12.