Namna ya Kuandika Historia ya Familia ya Waunda Zana za Kilimo: Mfano wa Akina McKay wa Australia

Anayetaka kuandika historia ya familia ya walowezi iliyopata jina kwa kuunda zana za kilimo huanzia karibu kila mara mahali pamoja: banda la shambani, kijana mwerevu, nyundo na vyuma chakavu. Hadithi hiyo ni tamu, na pengine ina ukweli ndani yake, lakini ndiyo ambayo familia yenyewe na wauzaji wake walipenda isimuliwe. Katika mwongozo huu nitaonyesha njia nyingine kwa kuifuata familia ya McKay ya koloni la Victoria, ambalo leo ni jimbo la Australia, iliyounda mashine za kuvunia ngano zilizouzwa kwa jina la Sunshine, yaani mwanga wa jua. Nimeichagua kwa sababu nyaraka zake ni nyingi na hazijafungiwa, na kwa sababu habari yake inaishia kwenye jina ambalo mkulima wa ngano wa Arusha au Uasin Gishu amelizoea kuliona ubavuni mwa trekta.

Anza na mashine kabla hujamgusa mtu. Usipoelewa zana inafanya kazi gani, hutajua kwa nini mtu alitajirika kwa kuiunda, wala hutaweza kupima majigambo ya matangazo yake. Ngano ikishakomaa ina kazi tatu: kukata au kunyofoa masuke, kupura ili punje zitoke, na kupepeta ili makapi yaondoke. Huko Ulaya, ambako mvua hunyesha hadi msimu wa mavuno na mabua yana thamani yake kwa ajili ya mifugo na mapaa, mkulima alikata mmea mzima, akaufunga miganda na kuupura baadaye. Kusini mwa Australia mambo yalikuwa kinyume: jua ni kali, masuke hukauka yakiwa bado yamesimama shambani, na vibarua walikuwa adimu. Mwaka 1843, karibu na Adelaide, John Ridley alitengeneza mashine yenye chanuo la meno ya chuma mbele. Meno hayo yaliyashika masuke shingoni, na nyuma yake pangaboi lililozunguka kwa kasi liliyapiga punje zikaangukia kwenye sanduku, huku mabua yakiachwa yamesimama. Mashine hiyo ilifanya kazi mbili kati ya tatu. Kupepeta kulibaki kazi ya mashine nyingine, tena ya mkono, na watu walikaa juani siku nzima kati ya vumbi na makapi.

Ukishaelewa hivyo, swali la kitabu chako linajitokeza lenyewe: ni nani aliyeiunganisha kazi ya tatu na zile mbili za kwanza, na alifanikiwa vipi kuiuza? Hapa ndipo Hugh Victor McKay anapoingia. Alizaliwa mwaka 1865 huko Raywood, katika familia yenye watoto wengi ya wazazi waliotoka Ireland, na akakulia kwenye shamba la familia Drummartin, kaskazini mwa mji wa dhahabu wa Bendigo. Alikuwa hajatimiza miaka ishirini alipojenga, akisaidiwa na baba yake na kaka yake John, mashine iliyonyofoa, kupura na kupepeta kwa mpito mmoja, na mwaka 1885 akaisajili kwa hataza, yaani haki ya mvumbuzi.

Usikimbilie, hata hivyo, kuandika kwamba alikuwa wa kwanza. Katika historia ya zana neno hilo limewaponza waandishi wengi. Serikali ya Victoria ilikuwa tayari imetangaza zawadi kwa atakayeunda mashine ya namna hiyo, kwa hiyo kulikuwa na watu kadhaa waliokuwa wakigonga vyuma kwa wakati mmoja, na James Morrow wa Melbourne anatajwa kuwa alikuwa na mashine inayofanya kazi kabla ya McKay. Hata ile ya Ridley ina mgogoro wake, kwa sababu John Wrathall Bull alidai hadi uzeeni kwamba wazo la chanuo lilikuwa lake. Ushauri wangu ni kuliepuka swali la nani alitangulia na kuuliza nani aliuza. Hapo McKay hana mpinzani: alianza kwa kuwapa mafundi wengine kazi ya kumtengenezea mashine, akafungua kiwanda Ballarat, na mwanzoni mwa karne ya 20 mashine zake zilikuwa zikipakiwa melini kwenda Argentina.

Jambo la pili la kuchunguza ni ardhi. Familia ya aina hii huitwa ya waanzilishi, na neno hilo huficha kwamba eneo lilikuwa na wenyewe. Sehemu za Raywood ni nchi ya Wadja Dja Wurrung, wenyeji wa asili waliokuwa wameporwa ardhi yao kwa ajili ya kondoo na kisha dhahabu kabla sheria za koloni hazijaigawa kwa wakulima wadogo. Bila sheria hizo kusingekuwa na maelfu ya wakulima wenye shamba la ngano na bila vibarua, na bila wakulima hao McKay asingekuwa na wateja. Kwa hiyo suala hili si dibaji ya heshima inayowekwa ukurasa wa kwanza na kusahauliwa, ni sehemu ya maelezo ya biashara yenyewe.

Kuhusu nyaraka, bahati ya mtafiti ni kwamba anaweza kuanza akiwa nyumbani. Maktaba ya Taifa ya Australia ina hazina ya magazeti ya zamani iitwayo Trove, ambayo husomwa bure kwenye intaneti, na jumba la makumbusho la Museums Victoria linatunza picha, katalogi na mashine za kiwanda hicho. Kuna hila moja ndogo ambayo itakuokolea siku nzima: wachapaji wa wakati ule waliandika majina ya namna hii kwa alama ya kukatia, yaani M'Kay, na ukitafuta McKay peke yake utakosa habari nyingi za miaka ya mwanzo. Tafuta pia kwa jina la mashine, jina la mji na majina ya ndugu zake, maana Hugh hakuwa peke yake. Nathaniel, George na Samuel nao walifanya kazi katika kampuni, na kitabu kinachomtaja mmoja tu kinaigeuza familia kuwa mtu.

Sasa tufike kwenye nyaraka za mahakama, ambazo kwa maoni yangu ndizo zenye utajiri kuliko zote, kwa sababu mahakamani watu hulazimika kutaja bei. Mwaka 1904 McKay alinunua kiwanda cha zana huko Braybrook Junction, magharibi mwa Melbourne, na mwaka 1906 akahamishia huko shughuli zake kutoka Ballarat. Sababu mbili hutajwa na zote zinastahili kuandikwa: reli na bandari zilikuwa karibu, na bodi za mishahara, zilizopanga kima cha chini cha malipo, hazikuwa na nguvu pale. Mwaka 1907 mji wenyewe ulibadilishwa jina ukaitwa Sunshine, kwa jina la mashine. Wakati huohuo bunge la shirikisho lilikuwa limeweka ushuru wa forodha wa pauni 12 kwa kila mashine ya kuvunia ya aina hiyo iliyotoka nje, ulinzi ambao McKay aliupigania kwa nguvu akidai kwamba kampuni za Amerika Kaskazini zimeiga mashine yake. Lakini ulinzi ulikuja na sharti. Mwenye kiwanda wa ndani naye angelipa ushuru wa pauni 6 kwa kila mashine, isipokuwa kama angethibitisha kwamba anawalipa wafanyakazi mshahara wa haki na wa kiasi.

McKay aliomba asamehewe ushuru huo, na ombi likaangukia kwa Jaji Henry Bournes Higgins. Sheria haikueleza mshahara wa haki ni upi, kwa hiyo jaji aliuliza swali ambalo mama yeyote anayepanga bajeti ya nyumba angeliuliza: maisha yanagharimu kiasi gani? Wake wa wafanyakazi waliitwa kutoa ushahidi. Kwa kaya ya watu wapatao watano, kodi ya nyumba, vyakula vya dukani, mkate, nyama, maziwa, nishati, mboga na matunda vilifikia wastani wa pauni 1, shilingi 12 na peni 5 kwa wiki. Kibarua asiye na ujuzi alikuwa akilipwa kiwandani shilingi 6 kwa siku, yaani 36 kwa wiki. Toa hesabu hiyo mwenyewe, ukikumbuka kwamba pauni moja ilikuwa shilingi 20 na shilingi moja peni 12: zinabaki shilingi 3 na peni 7. Kisha soma orodha ya vitu ambavyo jaji alisema havikuhesabiwa bado: taa, nguo, viatu, samani, vyombo, nauli, vitabu na magazeti, cherehani, mahitaji ya shule, tumbaku, ugonjwa na kifo. Tarehe 8 Novemba 1907 aliamua kwamba shilingi 7 kwa siku ndicho kima cha chini, na kwamba McKay hakuwa akilipa mshahara wa haki.

Unapoandika sehemu hii, usiharakishe. Nakili orodha ile kwa ukamilifu, kwa sababu hakuna maelezo ya hali ya wafanyakazi yatakayoizidi nguvu. Lakini usiishie kwenye hukumu kama wafanyavyo wengi, maana mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Australia iliibatilisha sheria yenyewe kuwa kinyume cha katiba, na McKay hakulipa. Kipimo cha Higgins kilibaki hai kwa njia nyingine, kwa kuwa aliendelea kukitumia katika mahakama ya usuluhishi wa kazi, na kikawa msingi wa kima cha chini cha mshahara nchini humo kwa miaka mingi. Mwaka 1911 wafanyakazi wa Sunshine waligoma kwa takriban wiki kumi na tatu na kushindwa. Kwa upande mwingine, McKay alipofariki mwaka 1926 aliacha pauni 2,000 kwa ajili ya jaribio la kupeleka madaktari kwa ndege maeneo ya ndani ya Australia, na fedha hizo zilisaidia kuanzisha huduma ya daktari wa ndege mwaka 1928. Mweke mtu huyo na mtu yule wa mgomo katika sura moja. Ukiwatenga, msomaji atadhani ni wawili.

Ubunifu wa baadaye unaweza kuupitia kwa ufupi, ila mtaje Headlie Taylor, mkulima wa Henty katika New South Wales, ambaye mashine yake ya mwaka 1914 iliweza kuinua na kukata ngano iliyolazwa chini na dhoruba. McKay alinunua haki zake mwaka 1916 na kumwajiri mwenyewe. Ni kielelezo kizuri cha jinsi kampuni ya familia inavyokua kwa vichwa vya watu wasio wa familia.

Kazi ya mwisho ni kufuata jina, nayo hufanywa vyema kwa kuchora mstari wa miaka ukutani. Mwaka 1930 kampuni iliungana na tawi la Australia la Massey-Harris, mojawapo ya zile kampuni za ng'ambo ambazo McKay alizipigia kelele. Massey nao walikuwa familia ya koloni, iliyoanza na karakana ya Daniel Massey huko Ontario mwaka 1847. Massey-Harris iliungana na kampuni ya Harry Ferguson mwaka 1953, ikawanunua akina McKay kabisa mwaka 1955, na miaka michache baadaye ikafupisha jina kuwa Massey Ferguson. Kiwanda cha Sunshine kilifungwa mwaka 1986, na sehemu ya eneo lake leo ni kituo cha maduka. Bustani ambayo McKay aliifungua kwa ajili ya wafanyakazi mwaka 1909 bado ipo karibu na reli, na ukipata nafasi ya kufika, anzia hapo na kamera yako kabla ya kwenda kuomba faili makumbusho.