Somo: nomino "vir" ya Kilatini na "vīrs" ya Kilatvia

Maneno haya ni ndugu wa damu. Yametoka kwenye mzizi mmoja wa kale wa lugha za Kihindi-Kiulaya, na Kilithuania nacho kina výras. Kufanana huko ndiko kunakomponza mwanafunzi.

Hatua ya 1: shika maana. Kilatini vir ni mwanamume, na pia mume; binadamu kwa jumla ni homo. Kilatvia cha leo kimegawa kazi kama Kiswahili: vīrs kwa kawaida ni mume, na mwanamume ni vīrietis. Mans vīrs ni "mume wangu", basi. Maana ya zamani imebaki zaidi kwenye wingi: vīru koris ni kwaya ya wanaume, si ya waume wa watu.

Hatua ya 2: pima irabu. Kilatini i ni fupi. Kilatvia ī ni ndefu, ivute kama ii ya "bidii". Ukiifupisha unapata virs, neno lenye maana ya "juu ya": virs galda, juu ya meza. Mkazo wa Kilatvia huwa karibu daima kwenye silabi ya kwanza, kwa hiyo VĪ-rie-tis. Mswahili huukimbiza kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na anasikika mgeni papo hapo.

Hatua ya 3: kariri miisho kwa sauti, umoja kisha wingi. Uhusika ni umbo la nomino kulingana na kazi yake kwenye sentensi; majina yake ni nominativu (mtendaji), genitivu (mmiliki), dativu (mpewa), akuzativu (mtendwa), na la tano ablativu (Kilatini, "kutoka kwa" au "pamoja na") au lokativu (Kilatvia, mahali).

Kilatini, kundi la 2: vir, virī, virō, virum, virō; virī, virōrum, virīs, virōs, virīs.
Kilatvia, kundi la 1: vīrs, vīra, vīram, vīru, vīrā; vīri, vīru, vīriem, vīrus, vīros.

Vir haina -us kwa sababu mwisho huo ulidondoka baada ya r, kama kwenye puer na ager. Usiandike "virus" ukidhani umeirekebisha: Kilatini vīrus ni sumu. Kumwita mtu, Kilatvia hukata s: vīr!

Hatua ya 4: tunga sentensi ya kumiliki. Hapa lugha zote mbili hutumia dativu: virō est liber, vīram ir grāmata, "mume ana kitabu". Anayefuata mpangilio wa Kiswahili huandika vīrs ir grāmata, na amesema mume ni kitabu! Kwenye ukanushi zinaachana. Kilatini hubakiza nominativu, virō nōn est liber. Kilatvia hudai genitivu, vīram nav grāmatas. Ya kulazimika nayo hutaka dativu kote: virō labōrandum est, vīram jāstrādā, "mume lazima afanye kazi".

Maswali ya wanachama

Swali: Nimekutana na vīrus kwenye sentensi ya Kilatvia. Ni kirusi cha ugonjwa?
Jibu: Hapana. Kirusi ni vīruss, s mbili. Redzu vīrus ni "naona wanaume".

Swali: Vīru ni akuzativu ya umoja au genitivu ya wingi?
Jibu: Zote mbili, umbo ni moja. Tazama jirani yake. Ikifuata kitenzi kama redzu, ni akuzativu. Ikitangulia nomino inayomilikiwa, kama koris, ni genitivu. Kilatini kina mtego wake: virī ni "ya mwanamume" au "wanaume".

Swali: Kilatvia kinafanyaje bila ablativu?
Jibu: Kwa vihusishi. Cum virō (pamoja na mume) ni ar vīru, ā virō (kutoka kwa mume) ni no vīra. Kwenye wingi mambo ni mepesi, maana kila kihusishi hushika dativu: ar vīriem, no vīriem, bez vīriem (bila waume). Anza mazoezi na wingi.

Swali: Lokativu ni kama -ni yetu ya "nyumbani". Sasa vīrā ya nini, na hatusemi "mumeni"?
Jibu: Kwa mahali ni kweli, haina kazi kubwa. Lakini baadhi ya vitenzi huidai: iemīlēties vīrā, kuanza kumpenda mwanamume, kuzama katika mapenzi. Ukiweka akuzativu hapo umekosea.