Namna ya Kuchunguza Asili ya Jina Adimu la Kiebrania: Mfano wa Bezaleli

Anayetaka kujua maana ya jina adimu la kiume la Kiebrania hana budi kuanza na herufi zake za asili. Majina haya mengi yalipita katika Kigiriki, Kilatini na Kiingereza kabla ya kutufikia, na njiani yalipoteza baadhi ya sauti zake.

Tuchukue jina Bezaleli. Kwa Kiebrania huandikwa בצלאל, kutoka kulia kwenda kushoto, na herufi yake ya pili ni tsade, inayotamkwa “ts”. Herufi “z” ya Biblia ya Kiswahili huificha sauti hiyo, hivyo anayetafuta mzizi wenye “z” atapotea tangu mwanzo.

Ukishapata herufi, lifumue jina. Tazama kwanza kama limebeba El au Yah, yaani jina la Mungu, mwanzoni au mwishoni. Elnathani na Nethaneli, kwa mfano, yana sehemu zilezile mbili zilizobadilishana nafasi, na yote mawili husema kwamba Mungu ametoa. Ukiondoa El katika Bezaleli, hubaki “be”, yaani “katika”, na “tsel”, yaani uvuli, neno lenye nasaba moja na “dhill” la Kiarabu. Jina zima basi ni “katika uvuli wa Mungu”.

Usiishie hapo, kwa maana tafsiri ya neno kwa neno haitoshi. Fuatilia neno hilo linavyotumika kwingineko katika maandiko. Katika Hesabu 14:9, kuondokewa na uvuli ni kuachwa bila ulinzi, na Zaburi 91:1 inamtaja mtu akaaye katika uvuli wake Mwenyezi. Katika nchi ya jua kali uvuli ni hifadhi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo maana hasa ya jina hili: mtu aliye chini ya ulinzi wa Mungu.

Kisha soma habari za aliyeitwa hivyo kwanza. Kutoka 31 inamtaja Bezaleli mwana wa Uri, mwana wa Huri, wa kabila la Yuda, fundi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti, ambaye katika sura ya 37 analitengeneza sanduku la agano kwa mti wa mshita. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya kale ya marabi wa Kiyahudi, katika sehemu ya Berakhot 55a, hulihusisha jina na hekima yake, kana kwamba alikuwa katika uvuli wa Mungu akajua. Maelezo ya namna hii yana thamani kubwa, lakini yatenge na asili ya kilugha. Kutoka 2:10 hulieleza jina la Musa kwa kitenzi cha Kiebrania cha kutoa majini, ilhali wataalamu wengi huliona kuwa la Kimisri.

Hatimaye fuata nyayo za jina katika historia. Ezra 10:30 ina Bezaleli mwingine. Baba wa Judah Loew, rabi mashuhuri wa Prague aliyefariki mwaka 1609, aliitwa hivyo. Na shule ya sanaa iliyoanzishwa Yerusalemu mwaka 1906 ilipewa jina la fundi yule.

Ukiamua kumpa mtoto jina hili, chagua tahajia moja na uitumie katika hati zote: Bezaleli hufuata Biblia ya Kiswahili, nayo Betzalel hukaribia zaidi matamshi ya Kiebrania, ambayo huweka mkazo kwenye silabi ya mwisho.